Shamba Moja, Wenyewe Wawili

Watu wakisikia niliwahi kufanya kazi kusini mwa Burundi baada ya vita, huniuliza kwanza habari za maghofu na risasi. Maghofu yalikuwepo. Shule zilizoezuliwa, zahanati zilizobaki kuta tupu, misingi ya nyumba iliyomezwa na migomba. Lakini kujenga haikuwa kazi kubwa. Familia ikifyatua tofali zake, shirika likatoa mabati, mbao na misumari, na majirani wakajitolea kidogo, nyumba husimama kabla masika hayajashika kasi. Kilichotutoa jasho Makamba na Rumonge ni swali lililotangulia tofali la kwanza: nyumba inajengwa kwenye ardhi ya nani?

Nilivuka mpaka wa Manyovu mwaka 2009, baada ya kufanya kazi kambini upande wa kwetu. Mimi ni Muha wa Kasulu, na Kiha na Kirundi vinasikilizana. Mtu wa kwetu akikaa Makamba muda mfupi tu masikio yanazoea. Hilo lilinifaa kuliko cheti chochote nilichobeba. Wenzangu waliotoka Ulaya walifanya kazi kwa mkalimani, na mkalimani naye ni mtu wa pale, ana ndugu zake, ana shamba lake, pengine ana kesi yake. Mara nyingi walichofikishiwa kilikuwa kimeshachujwa.

Jambo la kwanza nililojifunza ni kuuliza vita ipi inayozungumzwa. Kwenye fomu zetu vita ilikuwa moja, ile iliyoanza Oktoba 1993 alipouawa Rais Melchior Ndadaye, miezi michache tu baada ya kuchaguliwa. Iliendelea hata baada ya Mkataba wa amani wa Arusha wa Agosti 2000. CNDD-FDD, kundi kubwa la waasi, wakaafikiana na serikali mwaka 2003, na FNL, kundi la mwisho la waasi, wakaweka silaha mwaka huohuo 2009 niliofika. Watu wapatao laki tatu walikuwa wamekufa. Lakini ukikaa na wazee wa Nyanza-Lac, hawaanzi 1993. Wanaanza 1972. Mwezi Aprili mwaka ule waasi wa Kihutu walishambulia miji ya kusini kandokando ya Ziwa Tanganyika na kuua Watutsi wengi. Serikali ya Rais Micombero ikajibu kwa kuua Wahutu nchi nzima, hasa waliosoma: walimu, makarani, wanafunzi. Waliofanikiwa kukimbilia Tanzania wakapelekwa kwenye makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo, wakapewa pori walifyeke.

Mashamba waliyoyaacha hayakukaa wazi. Ile ni ardhi ya Imbo, tambarare ya kando ya ziwa, yenye michikichi na mihogo, na kila mtu anaitamani. Serikali iligawa sehemu kwa watu waliohamia kutoka mikoa mingine, sehemu ikaingizwa kwenye miradi ya kilimo, na sehemu majirani waliisogelea polepole, jembe moja kila msimu. Wenyewe walipoanza kurudi kwa wingi mwaka 2008 ilikuwa imepita miaka 36. Anayelima pale alizaliwa pale. Watoto wake nao pale.

Tangu 2002 zaidi ya Warundi nusu milioni walirejea nyumbani, wengi wao kutoka Tanzania. Nchi yenyewe ni ndogo kuliko Mkoa wa Kigoma, na sensa ya 2008 ilikuta ina watu milioni 8, wengi wao wakulima, na familia nyingi zikilima eneo lisilofika nusu hekta. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la tatu ataona haitoshi.

Pale Mabanda, kwenye kituo cha kupokelea wanaorudi, ulikuwa unaweza kumjua mtu ametoka wapi kabla hajataja jina. Waliotoka kambini, wakimbizi wa vita ya 1993, walishuka na masufuria, madumu ya maji na turubai lililokunjwa. Waliotoka makazi ya zamani walishusha makabati, cherehani, magunia ya mahindi, hata milango na fremu za madirisha waliyoing'oa kwenye nyumba zao kule Tabora na Mpanda. Hawa walikuwa wamejitegemea miaka mingi, wamelima tumbaku na mahindi na kuuza. Vijana wao walibishana Simba na Yanga wakiwa bado juu ya lori. Watoto waliniamkia shikamoo, na mama mmoja mwenyeji aliyekuwa akiuza ndizi pembeni akacheka, akamwambia mwenzake kwa Kirundi, hao Watanzania wameshafika. Hakusema kwa ubaya. Baadaye nililisikia likisemwa kwa ubaya, mara nyingi.

Kila mtu alipokea faranga 50,000 za Burundi na familia ikapewa chakula cha miezi sita. Kwenye makaratasi miezi sita ilitosha kulima na kuvuna. Ndiyo, kama una pa kulima.

Kesi moja niieleze kwa urefu, maana nyingine zote zinafanana nayo kwa namna fulani. Mzee mmoja alirudi kutoka Ulyankulu na mkewe, watoto na wajukuu, akaenda moja kwa moja kwenye mlima wao jirani na Nyanza-Lac. Huko kijiji ni mlima. Mtu akikuuliza unatoka wapi, anataka mlima wako. Akakuta shamba la baba yake linalimwa na mtu wa makamo, ambaye familia yake ilishuka kutoka milima ya Bururi miaka ya sabini. Mzee hakupiga kelele. Alijenga kibanda cha turubai pembeni ya barabara, mkabala na shamba, akakaa pale akiliangalia. Yule mwenzake akaacha kupita njia ile.

Siku ya kusikilizwa walikuja wajumbe wa Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine, ambayo kila mtu aliita CNTB, iliyoundwa mwaka 2006 kwa ajili ya kesi kama hizi. Alikuwepo mkuu wa mlima, walikuwepo bashingantahe, wale wazee wa hekima wanaoamua magomvi kwa desturi, na umati wa watu ambao nadhani nusu yao walikuwa na kesi zao zinazongoja. Mimi nilikuwepo kwa sababu shirika letu lilitoa ushauri wa haki za ardhi na lilikuwa linangoja kujua mabati yapelekwe wapi.

Mzee akaambiwa aonyeshe mpaka. Akatembea bila kusita, fimbo mbele, mpaka kwenye mnyaa. Kule mipaka ya zamani hupandwa minyaa, na ule uliokuwa ua enzi za babake sasa ulikuwa mti mrefu unaopita paa la nyumba. Akasimama hapo, akaonyesha mwingine, na mwingine. Wazee wawili wa mlimani wakatikisa kichwa kukubali. Hakuna aliyebisha kwamba shamba lilikuwa la babake.

Zamu ya mwenzake ilipofika, alitoa karatasi kwenye mfuko wa nailoni, uliofungwa ndani ya mfuko mwingine wa nailoni. Ilikuwa na muhuri wa komuni, yaani serikali ya eneo, imechakaa kwenye mikunjo hadi inapitisha mwanga. Akasema, "Baba yangu alipewa na serikali. Hakumfukuza mtu. Mimi nimepanda hii michikichi yote mnayoiona, na mama yangu nimemzika hapa."

Mzee akajibu taratibu, "Na mimi baba yangu amezikwa hapa. Ila kaburi lake umelilimia mihogo."

Yule bwana akashtuka, nikamwona. Akasema, "Mzee, sikujua. Hakuna aliyeniambia. Nionyeshe lilipo, niing'oe."

Wakaenda wote wawili, sisi nyuma. Mihogo iling'olewa pale pale, ikiwa bado michanga, na watoto wake wakaikusanya kwenye beseni. Kisha kikao kikaendelea, na msidhani kililainika. Waligombana mpaka jua likawa linazama kwenye ziwa: nani avune michikichi itakayoangukia upande wa mwingine, njia ya kuchota maji ipite wapi, choo kilichoko mpakani ni cha nani.

Uamuzi ulikuwa nusu kwa nusu. Kamba ikavutwa, vigingi vikapigwa. Michikichi iliyoangukia upande wa mzee, mpandaji akaruhusiwa kuivuna misimu miwili kisha aiache. Karatasi ikaandikwa kwa Kirundi, vidole gumba vikachovywa wino.

Kisheria, nusu kwa nusu haikuwa na mguu wa kusimamia. Sheria ya ardhi ya mwaka 1986 ilimpa haki mtu aliyeshika ardhi miaka 30 bila kusumbuliwa, kwa hiyo kwa sheria hiyo mzee angeondoka mikono mitupu. Mkataba wa Arusha nao ulisema mkimbizi arudishiwe mali yake, au kama haiwezekani alipwe fidia ya haki, kwa hiyo kwa mkataba huo mwenzake ndiye angeondoka. Fidia ingeweza kumaliza maneno, lakini serikali haikuwa na hela ya kufidia maelfu ya watu, na wafadhili walipenda kujenga vitu vya kupigwa picha na kibao kikasimamishwa mbele yake. Kugawana kulikuwa njia ya watu wasio na pesa. Niliona kunafanya kazi. Watu waliogawana walichukiana, sikatai, lakini walichukiana wakiwa wanaishi jirani, na watoto wao walichota maji bomba moja.

Mzee mwenyewe hakukubaliana nami kamwe. Nilimpitia mara nyingi baada ya nyumba yake kuisha, mkewe akinikaribisha ugali wa muhogo na dagaa. Siku moja nilipoisifu ile suluhu aliniuliza, "Binti yangu, mtu akikuchukulia mbuzi wawili, akaja kukurudishia mmoja, utamwita mkarimu?" Nikamwambia, mzee wangu, jirani yako hakukuchukulia, alipewa. Akasema, "Basi aliyempa ndiye anilipe." Hapo alikuwa amesema kweli tupu, na aliyempa hakuwepo tena wa kumlipa.

Sisi wa mashirika tulikuwa na dosari yetu wenyewe, na ilikuwa ya mpangilio. Mabati yalikwenda kwa waliorudi. Mbegu kwa waliorudi. Majembe kwa waliorudi. Orodha ya walengwa ilitungwa mbali, na wafadhili walitaka idadi ya warejeaji waliosaidiwa. Sasa pata picha ya mtu aliyebaki Makamba miaka yote ya vita, aliyelala porini usiku akikwepa jeshi na waasi kwa zamu, ambaye nyumba yake iliungua mara mbili, leo anaona nusu ya shamba lake linapewa mtu aliyekuja na cherehani, kisha lori linamletea mtu huyo mabati mapya. Paa la nyasi upande huu wa kamba, bati linalometa upande ule. Shirika moja liliambiwa hivyo na mkuu wa mlima uso kwa uso na likaendelea vilevile hadi fungu likaisha. Mashirika mengine baadaye yalianza kutenga sehemu ya mabati kwa wenyeji walio hoi, na tofauti ilionekana haraka: vikao vikawa vifupi, na usiku hatukusikia tena habari za guruneti lililotupwa juu ya paa la mtu. Guruneti baada ya vita ile zilikuwa zimezagaa majumbani, na kesi ya shamba ilitosha kumfanya mtu achimbue lake alikolificha.

Halafu walikuwepo wasio na pa kuonyesha kabisa. Amezaliwa Katumba, baba amekufa huko, anachojua ni jina la mkoa tu. Hana mlima. Kwa ajili ya hawa na wengine wasio na ardhi serikali na Umoja wa Mataifa walijenga vijiji vya amani, nyumba kwa mistari, wakachanganywa humo warejeaji, waliohamishwa na vita, Watwa, Wahutu na Watutsi. Kwenye michoro vilipendeza. Watu wakapata nyumba isiyo na shamba, wakawa wanatembea mwendo mrefu kukodi kipande cha kulima au kufanya kibarua, katika nchi ambayo mtu na nyumba yake hukaa katikati ya migomba yake. Nilichokipenda kwenye vijiji vile ni kimoja, watu walichanganyika kweli, na wanawake walianzisha vikoba kabla sisi hatujaandika mradi wa vikoba.

Wanawake ndio walioumia kimyakimya. Kwa desturi ya kule binti harithi ardhi, na sheria ya urithi ya kumlinda haikuwepo. Mjane aliyerudi na watoto alidai shamba la marehemu mumewe mbele ya mashemeji waliobaki nalo. Aliyezaa na Mtanzania bila ndoa akarudi na wanawe kwa kaka zake aliambiwa watoto hawa ni wa kwa baba yao, na baba yao yuko Urambo. Nilijaza fomu zao. Kwenye safu ya "suluhisho" niliandika mara nyingi neno "rufaa", na rufaa hiyo ilikwenda mahakamani, ambako karatasi ya kesi tu iligharimu vibarua vya wiki.

Shule nayo. Watoto wa kambini walikuwa wamesoma mtaala wa Burundi, Kirundi na Kifaransa, wakaendelea vizuri. Watoto wa makazi ya zamani walisoma kama Watanzania. Kijana aliyemaliza la saba kwa Kiswahili alirudishwa nyuma madarasa kadhaa kwa sababu hesabu anaijua ila hajui inavyoitwa kwa Kifaransa. Serikali ilikuwa imeingiza Kiswahili na Kiingereza kuwa masomo shule za msingi, lakini Kifaransa kilibaki cha kufundishia madarasa ya juu. Wavulana wenye ndevu changa waliona aibu, wakaacha, wakaenda Rumonge kubeba madumu ya mawese au kuvua. Baadhi walivuka kurudi Kigoma kimyakimya. Na kule walikotoka, wenzao wapatao 162,000 waliochagua kubaki walikubaliwa uraia wa Tanzania mwaka 2010. Ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja Mtanzania, mmoja Mrundi asiye na shamba. Nilisikia mabishano ya simu kati yao ambayo yasingekosa mtu wa kulia.

Mwaka 2011 uongozi wa tume ulibadilika na msimamo ukabadilika nao. Nusu kwa nusu ikawekwa kando. Ardhi ya mkimbizi irudi yote kwa mkimbizi, na hata makubaliano ya zamani yaliweza kufunguliwa upya. Mzee wangu alifurahi, na sikumlaumu. Ukiitazama kesi yake peke yake ilikuwa haki. Lakini aliyetakiwa kutoka naye alikuwa na watoto, michikichi na kaburi la mama, na hakuonyeshwa pa kwenda. Makamba ikachemka. Waliotakiwa kuhama waligoma, wakakabiliana na polisi, na wanasiasa wakaanza kuieleza habari yote kwa kabila, ingawa wengi wa waliokuwa wakitolewa pale kwenye tambarare walikuwa Wahutu kama waliokuwa wakirudi. Mahakama maalumu ya ardhi ikaundwa mwaka 2014. Bado naamini tume ilikuwa imeshika njia bora mwanzo, na kilichopungua kilikuwa fidia, hata ndogo, kwa kila aliyetoa nusu yake. Najua wanasheria watakaosema hayo ni mawazo ya mtu wa vikao vya mlimani. Ndivyo.

Mwishoni mwa 2012 kambi ya wakimbizi ya Mtabila, kule Kasulu, ilifungwa na watu zaidi ya 30,000 wakavushwa ndani ya wiki chache, mvua zikinyesha. Wengi hawakutaka kurudi. Walipokelewa kwenye milima ambayo ilikuwa tayari inagombania vigingi.

Kisha ikaja 2015. Rais Nkurunziza alipotangazwa kugombea muhula wa tatu, Aprili, watu walianza kukimbia tena, na Mei walikuwa maelfu kwa maelfu wamejazana Kagunga, kijiji cha wavuvi kilichobanwa kati ya ziwa na mlima, kipindupindu kikaingia. Meli ya MV Liemba iliwabeba kuwaleta Kigoma, wakashushiwa Uwanja wa Lake Tanganyika. Nilikuwa nimesharudi nyumbani na niliitwa kusaidia kuandikisha. Niliwakuta watu niliowahi kuwapa mabati. Mmoja wao, mama wa Nyanza-Lac, nilimwuliza shamba amemwachia nani. Akanijibu kana kwamba swali halikuwa na uzito: amemwachia yule waliyegawana naye, kwa maandishi, wakiwepo mashahidi, na nakala iko kwenye kanga yake. Alikuwa ameshajifunza.

Wengi wao walirudi tena Burundi tangu mwishoni mwa 2017. Bado nazungumza kwa simu na kijana tuliyefanya naye kazi Makamba. Muda wa tume ulikwisha mwaka 2022, na kesi zilizobaki zikahamia mahakama za kawaida. Mzee wa Ulyankulu amefariki. Amezikwa pale alipotaka. Yule kijana ananiambia kesi nyingi anazozisikia sasa si za waliorudi na waliobaki tena. Wana wanne wa mzee wanagombania ile nusu, na upande wa pili wa kamba wana wa yule bwana wanagombania nusu yao, na mabinti wa pande zote mbili wameanza kwenda kwa wakili wa msaada wa kisheria kudai sehemu yao.